Spea ya Nissan Note iliyokuja bila spea: shajara ya mradi, Dodoma

Gari letu la familia ni Nissan Note ya E12, ile yenye matairi ya 185/70R14 na rimu za chuma zenye vifuniko vya plastiki. Lilitoka Japani bila tairi la spea. Ukifunua ubao wa buti unakuta godoro gumu la foromu, na ndani yake chupa ya gundi ya pancha na kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la sigara. Jeki hakuna, spana hakuna. Nataka gari liwe na spea kamili, tairi la kawaida la kunitoa kijijini hadi mjini, pamoja na vifaa vya kulifunga mwenyewe. Bajeti ni shilingi 200,000. Bei zote ni za Dodoma isipokuwa nikitaja vingine. Naandika kila hatua ikiisha ili mwenye Note, Fit, Demio au gari jingine la namna hii asianze moja.

14 Juni 2025: Gundi haitoshi

Chupa ya gundi ina kibandiko cha Kijapani chenye tarehe ya mwisho wa matumizi, na tarehe hiyo imepita zamani. Lakini hata ingekuwa mpya, gundi hii imetengenezwa kwa tundu dogo la msumari kwenye kashata, ule uso wa tairi unaokanyaga barabara, kama milimita 4 hivi. Ubavu ukichanika haisaidii kitu. Na huku kwetu ubavu ndio unaoumia. Barabara za lami ziko vizuri, ila ukishaiacha lami kuelekea kijijini upande wa Mvumi, mawe yenye ncha yamejipanga kandokando ya njia, na unapompisha mwenye mkokoteni lazima uyakanyage. Mwaka huu jiwe moja lilituchania ubavu wa tairi la nyuma. Bodaboda alilibeba tairi hadi kwa fundi, fundi akaliangalia mara moja tu akasema hili la kutupa. Watoto na mama mkwe walikaa chini ya mbuyu hadi jioni, tukisubiri tairi lingine kutoka mjini.

Kabla ya kununua chochote nilichukua vipimo. Tairi ni 185/70R14 88S. Hiyo 88 ni uwezo wa kubeba, nayo ni sawa na kilo 560 kwa tairi moja. Kipenyo cha tairi zima kinapigiwa hesabu hivi: 185 mara 0.70 ni 129.5, mara mbili ni 259, jumlisha rimu ya inchi 14 ambayo ni milimita 355.6. Jumla ni 614.6.

Rimu ina matundu manne. Kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalolitazama ni milimita 100. Nati zinafunguka kwa spana ya 21, na bolti ni milimita 12 zenye nyuzi za 1.25, yaani milimita 1.25 kutoka uzi mmoja hadi mwingine. Fundi kereza wa Kizota alinipimia kwa venia, kifaa cha kupimia vipimo vidogo, duara la habu, ile sehemu inayochomoza katikati na kuingia kwenye tundu kubwa la rimu. Ni milimita 60.1. Kipimo hiki cha mwisho nilikichukua kwa kuwa fundi alikuwa na venia mkononi, na ndicho kilichokuja kuamua kila kitu.

21 Juni: Rimu ya Vitz yakataa

Rimu za Toyota Vitz zimejaa mjini. Muuzaji wa spea mitumba maeneo ya Majengo alinitolea moja safi ya inchi 14 ikiwa na tairi lake. "Dada, hii inaingia bila wasiwasi, matundu manne kwa manne, mia kwa mia." Matundu kweli yalikuwa mia kwa mia. Kwa kuwa alikubali tuijaribu kwanza, tukaipeleka kwa fundi jirani yake.

Rimu ilipita kwenye bolti zote nne, halafu ikagota. Kati ya rimu na ngoma ya breki ilibaki nafasi ya kupitisha kidole. Tundu la katikati la rimu ya Vitz ni milimita 54.1, na habu ya Note ni 60.1. Haiwezi kuingia hata ukiisukuma vipi.

Hatari ilikuwa hapo hapo. Kijana wa fundi alikwishaanza kufunga nati ili "ziivute." Nati zinashika nyuzi kadhaa, gurudumu linaonekana limefungwa, nawe unaondoka nalo. Rimu ikiwa haijalala kwenye ngoma, uzito wote wa gari unaning'inia kwenye bolti, na kila tairi likizunguka zinapindwapindwa hadi zikatike. Nilimwomba aitoe. Alinitoza 5,000 ya kazi na muuzaji akairudisha rimu yake bila maneno.

Kwa wanaofuata kazi hii, vipimo vya habu ni hivi. Vitz, IST ya kizazi cha kwanza, Passo na Mazda Demio ni 54.1. Honda Fit ni 56.1. Note na March ni 60.1. Zote hizo zina matundu manne ya 100, ndiyo maana wauzaji wanasema zinaingiliana. Rimu yenye tundu kubwa kuliko habu inaingia ila inacheza, inahitaji pete ya kujazia katikati. Yenye tundu dogo haiingii kabisa. Nati nazo zisichanganywe: za Toyota, Honda na Mazda ni nyuzi za 1.5, za Nissan ni 1.25. Nati ya Toyota kwenye bolti ya Nissan inaanza kwa vidole vizuri, kisha inakaza. Ukiilazimisha kwa spana unaua nyuzi za bolti.

28 Juni: Njia mbili nilizoziacha

Fundi mmoja alipendekeza tununue rimu ya Vitz, kisha ikakerezwe tundu la katikati hadi 60. Bei 20,000, kazi ya saa moja. Najua wapo wanaofanya. Mimi nimekataa kwa sababu kwenye rimu ya chuma mdomo wa tundu la katikati umekunjwa makusudi ili kuipa rimu nguvu, na kuukereza milimita 3 kila upande ni kuondoa sehemu kubwa ya mkunjo huo. Rimu ya Nissan inapatikana, sasa ya nini kukata ya Toyota?

Njia ya pili ni tairi jembamba la dharura, lile lililoandikwa herufi T mwanzoni mwa saizi yake. Nilipata moja lililotoka kwenye Nissan Tiida, nikatumaini kwa kuwa ni Nissan mwenzake. Rula ilimaliza maneno: matundu ya Tiida yamepishana 114.3, hayafanani na 100. Hata lingeingia, nililifikiria vizuri nikaona halitufai. Mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa, linataka upepo wa 420 kPa, yaani kama psi 60, na wembamba wake kwenye mchanga wa huku ni mateso. Kwa mtu asiyetoka mjini ni chaguo zuri, ni jepesi na linakaa butini bila kuinua sakafu. Ila lifungwe nyuma. Pancha ikiwa ya mbele, toa tairi zima la nyuma ulipeleke mbele, hilo jembamba libaki nyuma. Mbele ndiko gari linakovutia, na tairi dogo upande mmoja linaisumbua difu, gia inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili, muda wote.

12 Julai: Rimu kutoka Gerezani

Dodoma sikupata rimu ya Note wala March inayouzwa moja moja. Wengi wanauza seti ya nne. Nikampigia shemeji yangu aliyeko Dar es Salaam aende Gerezani, Kariakoo. Nilimtumia ujumbe mfupi asije akashawishiwa: inchi 14, matundu manne, diagonali 100, tundu la katikati 60, upime mwenyewe kwa rula. Akanipigia picha rula ikiwa imelazwa juu ya tundu. Ilikuwa rimu ya chuma ya Nissan March K12 pamoja na tairi lake, 70,000. Kuisafirisha kwa basi hadi stendi ya Nanenane ni 10,000.

Rimu iliingia kwenye habu kwa mkono mmoja, ikalala. Niliijaribu pia mbele, kwa sababu mbele ndiko kuna diski na kalipa ya breki, ile inayoibana diski, na rimu inaweza kuingia nyuma vizuri ikaenda kugusa kalipa mbele. Ilizunguka bila kugusa popote.

Tairi lililokuja nalo halikufaa. Ni 165/70R14 81S. Kipenyo chake ni 586.6, pungufu ya letu kwa karibu asilimia 4.6, na 81 ni kilo 462 tu. Gari likiwa na watu watano na gunia la mahindi, siwezi kuliweka tairi la namna hiyo nyuma. Tena namba nne za mwisho kwenye alama ya DOT zilikuwa 0912, yaani wiki ya 9 ya mwaka 2012. Mwenye mkokoteni wa punda alilinunua kwa 15,000. Mwendo wa punda halina shida.

19 Julai: Kuifufua rimu

Kwenye mashine ya kubalansi rimu ilionekana kuyumba. Ukingo wa ndani ulikuwa umepigwa na shimo, umeingia ndani kidogo, upande usioonekana ukiitazama ikiwa imelazwa. Uzuri wa rimu ya chuma ni kwamba inanyooka. Ya spoti mara nyingi inapasuka. Fundi aliinyoosha, akasugua kutu kwa brashi ya waya pale tairi linapokaa, akapaka rangi. Jumla 15,000. Ule usuguaji usirukwe. Kutu ikibaki pale, spea inapoteza upepo taratibu butini, nawe utalijua hilo siku unayolihitaji.

Valvu mpya 3,000. Sikuwa nimeipanga, lakini tulipojaza tairi la majaribio na kupaka maji ya sabuni, mapovu madogo yalijitokeza shinani mwa valvu, yakawa yanakua moja baada ya jingine bila haraka. Ukisikiliza kwa sikio husikii lolote.

26 Julai: Tairi

Jipya la saizi yetu nililoulizia lilikuwa 150,000 na kupanda, nje ya bajeti. Kwa tairi litakalolala butini muda mwingi nikaamua mtumba, ila kwa masharti: saizi ile ile, 88, umri usiozidi miaka mitano, na kashata za kutosha.

Masharti hayo yaliondoa mengi. Moja lilikuwa na kashata nene kama jipya, muuzaji akalipigia debe sana, lakini lilikuwa la 2014 na ubavuni, ukilibonyeza kwa gumba, nyufa nyembamba zilifunguka kama tope la bwawa lililokauka. Tairi linazeeka hata bila kutembea, na jua la Dodoma linaharakisha. Jingine lilikuwa limezibwa ubavuni. Hilo hata halikupaswa kuwa sokoni.

Nililonunua ni 185/70R14 88, namba za DOT 1122, wiki ya 11 ya 2022. Kashata zina milimita 5. Kikomo ni 1.6, pale kashata zinapolingana na vile vidaraja vidogo ndani ya mifereji. Bei 65,000. Kufunga na kubalansi 10,000.

Ukikosa saizi hii, 175/70R14 inavumilika. Kipenyo chake ni 600.6, pungufu ya asilimia 2.3, na nyingi ni 84, yaani kilo 500. Ifungwe nyuma na isiwe ya safari ndefu. Kuhusu 175/65R14, ile iliyojaa kila duka, ni pungufu kwa asilimia 5. Sishauri.

2 Agosti: Kuliweka butini

Nilitoa foromu yote. Tairi linaingia shimoni lakini linachomoza, ubao wa buti unakaa juu vidole vitatu na unabembea. Kwanza nililiacha hivyo hivyo nikaenda sokoni Majengo. Kila kona lilisikika likihama. Gurudumu zima lina uzito wa kama kilo 15, na nyuma ya kiti wanakaa watoto. Breki ya ghafla ikipigwa, kitu hicho hakibaki butini.

Marekebisho yalikuwa mawili. Seremala alikata fremu ya plaiwudi inayolizunguka tairi na kuubeba ubao, sakafu ikawa sawa tena japo juu zaidi, 20,000. Kisha mkanda wa kufungia mizigo wenye kikaza, 8,000, unaopita katikati ya rimu na kushikwa kwenye vyuma vya kufungia mizigo vilivyomo butini. Tairi limelazwa uso chini, na kwenye uvungu wa rimu nimeweka kipande cha ile foromu nilichokikata kukalia jeki na spana. Hakuna kinachogonga.

9 Agosti: Vifaa na mazoezi

Jeki ya mkasi, mtumba, 30,000. Spana ya msalaba yenye 21, 12,000. Nilijaribu kubadilisha tairi uani, nikiwa na binti yetu wa kidato cha pili, kama vile hakuna fundi karibu.

Nati ya kwanza haikutikisika. Wala ya pili. Mara ya mwisho zilifungwa kwa bunduki ya upepo, na kijana wa bunduki haachi mpaka mashine inyamaze. Nilisimama juu ya mkono wa spana, ikapinda. Ilibidi kuchomeka bomba la maji la chuma, la mita moja, ndipo zikaachia kwa mlio mkali. Hebu fikiria uko njiani usiku na bomba hilo huna. Nati za Note zinatakiwa zikazwe kwa 108 Nm. Kwa mkono wa spana wa sentimita 40, hiyo ni nguvu ya kama kilo 27 ukisukuma mwishoni mwa mkono, jambo ambalo mtu mzima analifanya bila kupanda juu. Nilizifungua zote za magurudumu manne, nikazisafisha nyuzi kwa brashi kavu, nikazirudisha kwa mkono, kwa mtindo wa msalaba. Sasa binti yangu anazifungua mwenyewe. Kwa mtazamo wangu hii ndiyo kazi yenye thamani kubwa kuliko zote kwenye mradi, na ni ya bure.

Jambo jingine ni ardhi. Uani kwetu ni mchanga, jeki ilizama badala ya kuinua. Kipande cha mbao ngumu, upana wa sahani, kimeingia butini. Jeki iwekwe pale kwenye mshono chini ya mlango, katikati ya zile alama mbili zilizochongwa. Ukikosea mahali, bati linakunjika. Na nati zilegezwe gari likiwa bado chini.

16 Agosti: Barabarani

Nilifunga spea nyuma kushoto, tukaenda Kibaigwa na kurudi. Mwendo wa 80 hakuna mtetemo, usukani hauvuti upande. Tulipofika Kibaigwa niligusa nati zote tena. Moja ilizunguka robo, zilizobaki zilikuwa imara. Rangi mpya ya rimu inapolalia huwa inajibana, nati ikalegea kidogo, kwa hiyo baada ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza kagua tena, hata kama aliyefunga ni fundi unayemwamini.

Upepo: kibandiko cha mlango wa dereva kwenye gari letu kinasema 230 kPa, sawa na psi 33. Spea nimeijaza 40. Tairi lililolala linapungua, na kupunguza upepo njiani ni rahisi kuliko kuuongeza. Kompresa ile ndogo ya Kijapani nimeibakiza kwa kazi hiyo. Chupa ya gundi nimeitoa.

6 Septemba: Hesabu, na magari ya wengine

Gharama zote ni hizi: kujaribu rimu ya Vitz 5,000, rimu na tairi kutoka Gerezani 70,000, basi 10,000, kunyoosha na rangi 15,000, valvu 3,000, tairi 65,000, kufunga na kubalansi 10,000, fremu ya plaiwudi 20,000, mkanda 8,000, jeki 30,000, spana 12,000. Jumla 248,000. Nikitoa 15,000 za tairi la mkokoteni, inabaki 233,000. Nimezidi bajeti kwa 33,000. Kama gari lako lina jeki na spana yake, utakuwa ndani ya 200,000.

Jirani mwenye Mazda Demio alisoma vipimo hivi akamaliza kazi kwa asubuhi moja. Habu ya 54.1, nyuzi za 1.5, rimu ya Vitz ya hapa hapa Dodoma ikaingia kama yake. Mwenzangu kazini mwenye Honda Fit hakuwa na bahati hiyo. Rimu ya Vitz iligota kwa tofauti ya milimita 2 tu, ambayo kwa macho huioni. Tena nati za kiwandani za Honda zina kikalio cha mviringo, za Toyota na Nissan kwenye rimu za chuma ni cha koni, kwa hiyo nimemshauri atafute rimu ya Honda yenyewe na atumie nati zake zile zile. Shemeji ameshaulizia Gerezani. Akipata nitaongeza bei hapa chini.

Kwenye gari letu kimebaki kitu kimoja, kuizungusha spea na matairi mengine kila kilomita 10,000, kwa kuwa saizi ni moja. Likikaa butini hadi 2030 litakuwa limezeeka na kashata zake zote.